Ufukwe Huanzia Pugu

Alfajiri, kabla Kariakoo ya Dar es Salaam haijafurika watu, utayakuta malundo ya mchanga kando ya mitaa inayopakana na viwanja vya Mnazi Mmoja. Malori yameyamwaga usiku, wakati barabara zina nafasi, na kukikucha saidia fundi wanaanza kuyapunguza kwa beleshi, toroli baada ya toroli, kwenda kwenye zege la ghorofa linalopanda. Fundi mzoefu hapokei mchanga kwa macho tu. Huchota konzi, akausugua karibu na sikio na kusikiliza. Mchanga safi hukwaruza. Wenye udongo huteleza kimya na kuacha doa kiganjani.

Akibaki na shaka, huokota chupa ya maji ya plastiki, akatia mchanga hadi nusu, akajazia maji, akaitikisa na kuiweka chini. Chembe nzito hushuka papo hapo. Udongo huelea, maji yakawa kama chai ya maziwa, kisha polepole nao hutua juu ya mchanga kama ukoko. Ukoko ukiwa mnene, lori lile haliletwi tena.

Ndani ya chupa hiyo mna habari yote ya fukwe zetu. Maji huchambua. Mto wenye kasi hubeba kokoto, mchanga na udongo kwa pamoja. Kasi ikipungua huzitua kokoto kwanza, halafu mchanga, na udongo mwisho. Baharini mawimbi humalizia kazi: udongo mwepesi hupelekwa kwenye maji makuu, na mchanga hubaki ukingoni. Ufukwe ni chupa ya fundi iliyotikiswa kwa maelfu ya miaka.

Kwa hiyo lundo la Mnazi Mmoja na ufukwe wa Kunduchi ni ndugu wa damu. Mchanga unaochotwa kwenye kitanda cha mto ni mchanga uliokuwa safarini kwenda pwani, ukakatishwa njia. Tumezoea kuulinda ufukwe kwa kuusimamia pale tunapouona, penye mawimbi na wauza mihogo. Nimekuja kuamini kwamba kazi hiyo inaanzia kilomita nyingi nyuma yake, vilimani na mabondeni, na kwenye milango ya majengo yetu ya katikati ya jiji.

Chembe inashuka mlimani

Mto Msimbazi huanza kwenye vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe. Vilima hivyo vimejengwa kwa mawe ya mchanga yaliyochanganyika na kaolini, ule udongo mweupe ulioifanya Pugu ijulikane kwa wanajiolojia. Mawe hayo yenyewe yaliwahi kuwa mchanga wa mito ya kale, uliolala na kushikamana kwa mamilioni ya miaka. Mvua inapoyalainisha, kaolini huoshwa na chembe ngumu za madini yaitwayo kwatzi hubaki huru, tayari kwa safari nyingine.

Kwatzi haiozi, haili kutu, wala haiyeyuki upesi kwenye maji. Hubadili makazi tu. Chembe iliyomo kwenye plasta ya duka la Kariakoo huenda imeshapita katika mto ambao leo haupo tena, ikawa jiwe, kisha ikawa mchanga kwa mara ya pili. Ukubwa wake ni kati ya sehemu ya kumi na sita ya milimita na milimita 2. Chini ya hapo tunaita tope; juu ya hapo ni changarawe.

Msimbazi hupita Vingunguti, Tabata na Kigogo, na ukifika Jangwani, chini kidogo ya Kariakoo, nchi inalala bapa. Mto unapoteza kasi na kutua mzigo. Kila masika kitanda chake huinuka, maji hukosa pa kupita chini ya daraja, yakapanda Barabara ya Morogoro, na mabasi ya mwendokasi yakasimama. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua makumi ya watu Dar es Salaam, na familia nyingi za bondeni zikahamishiwa Mabwepande. Tangu hapo Jangwani imekuwa neno la kila msimu wa mvua, na mradi mkubwa wa kuendeleza bonde la Msimbazi, pamoja na daraja jipya, umebuniwa kwa sababu hiyo.

Msomaji atauliza: kama Jangwani mchanga umezidi hata unafunga barabara, inakuwaje fukwe zilie njaa? Jibu liko kwenye kasi na kwenye mchanganyiko. Vilima vilivyovuliwa miti na kingo zilizojengwa hadi mtoni humeguka haraka kuliko mto unavyoweza kubeba, na kinachoshuka ni mchanga, tope, mifuko na chupa vyote kwa mpigo. Mzigo huo huishia njiani. Mto wenye afya hutoa mchanga kidogo kidogo na kuufikisha baharini. Mto mgonjwa hutapika wote mahali pamoja.

Hapo ndipo penye tofauti kati ya kusafisha mto na kuchimba mchanga, mambo mawili ambayo kwa mbali yanafanana, maana yote hutumia beleshi na lori. Kusafisha ni kuondoa tope na taka pale palipoziba, kwa kina kilichopimwa, ili mto upate njia. Kuchimba ni kufuata mchanga mzuri popote ulipo, hata kwenye kingo, mpaka kitanda kinashuka, kingo zinaporomoka na nyumba zinaning'inia. Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu, ambayo mito ya Dar es Salaam imo katika eneo lake, ina kazi ngumu ya kutenganisha haya mawili kila siku, huku jiji likidai zege.

Kusi hupeleka, kaskazi hurudisha

Chembe iliyofika baharini bado haijapumzika. Simama pwani wakati wa kusi, kuanzia Aprili hivi hadi Oktoba, uangalie wimbi moja tu. Linakuja kimshazari kutoka kusini-mashariki, linapanda ufukoni kwa mshazari uleule likiwa na mchanga wake, kisha maji yanarudi chini moja kwa moja kwa kufuata mteremko. Chembe imepanda kwa kona na kushuka wima. Imesogea kaskazini kwa kiasi cha hatua moja. Wimbi lifuatalo linarudia. Kwa siku nzima chembe inatembea, na ufukwe wote pamoja nayo.

Kaskazi inapoingia, kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, mwelekeo unageuka na mchanga unarudi kusini. Lakini kusi hudumu zaidi na huvuma kwa nguvu zaidi, kwa hiyo hesabu ya mwaka huegemea kaskazini. Juu ya hayo kuna kupwa na kujaa: wakati wa bamvua maji ya Dar es Salaam hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na wakati wa maji mafu tofauti hupungua hadi kama mita moja. Dhoruba ikikutana na bamvua, mawimbi hufika mahali ambapo kwa miezi mingi hayakufika, na usiku mmoja hufanya kazi ya mwaka.

Wavuvi wanalijua hili bila kufundishwa. Ufukwe unaopungua msimu huu na kurudi msimu ujao haujaugua, unapumua. Ugonjwa ni pale unapopungua na usirudi. Hesabu ni kama ya duka: kuna kinachoingia kutoka mitoni, kwenye miamba na kwa jirani wa kusini, na kuna kinachotoka kwenda kwa jirani wa kaskazini au kilindini. Bahari haiachi kutoa matumizi yake kwa sababu mapato yamekatika. Inaendelea kutumia akiba, na akiba ndiyo ufukwe.

Mwaka 2018 watafiti walipitia picha za setilaiti za zaidi ya miaka 30 na kukuta kwamba karibu asilimia 31 ya pwani za dunia zisizo na barafu ni za mchanga. Kati ya hizo, asilimia 24 zilikuwa zikiliwa kwa zaidi ya nusu mita kwa mwaka, asilimia 28 zilikuwa zikikua, na zilizobaki zimetulia. Takwimu hizo zina faraja ndani yake: kuliwa kwa ufukwe si ajali ya kudra. Pana fukwe zinazokua kwa sababu zinalishwa, na zinazokufa kwa sababu mlo umekatwa. Mto Nile unajulikana kwa hilo. Bwawa kuu la Aswan lilipokamilika mwaka 1970, mchanga na tope viliishia nyuma ya ukuta, na mdomo wa Rosetta, kule Misri, ukazidi kurudi nyuma mbele ya mawimbi.

Kunduchi ilivyolipa deni la jiji

Sisi hatukuhitaji bwawa. Kaskazini ya jiji, ufukwe wa Kunduchi na Bahari Beach ulilishwa na mito midogo: Mbezi, Tegeta na Mdumbwi. Ni mito ambayo kiangazi unaivuka bila kuvua viatu, lakini masika ilishusha kwatzi ya kutosha kuuweka ufukwe hai. Kuanzia miaka ya 1970 na 1980 Dar es Salaam ilipokuwa ikipanuka, mchanga wa vitanda vya mito hiyo ukawa karibu, safi na rahisi kupakia. Vijana wakaingia na mabeleshi, malori yakafuata.

Tuhesabu kidogo. Chukua lori la mita za ujazo 10. Chukua ufukwe wenye upana wa mita 10, na mchanga wake wenye kina cha mita moja. Lori hilo limebeba mita moja ya ufukwe. Malori 100 ni ufukwe wenye urefu wa uwanja wa mpira. Sasa fikiria miaka.

Watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wameuandika mkasa wa Kunduchi kwa muda mrefu, na uchimbaji wa mchanga mitoni unajirudia katika maandishi yao kama sababu kubwa. Bahari ilikula nyumba za kijiji cha wavuvi pamoja na msikiti. Hoteli ya Africana, iliyokuwa mashuhuri kwa watalii, ilishindwa kusimama mbele ya mmomonyoko. Leo vijana wengi wanalijua jina la Africana kama kituo cha daladala kwenye Barabara ya Bagamoyo, na wachache wanajua kwamba kituo hicho kimebeba jina la jengo lililokaribiwa na bahari.

Hoteli zilizobaki zilijitetea kwa kujenga kuta fupi za mawe zinazoingia baharini kama vidole. Vidole hivyo hufanya kazi, na hapo ndipo penye mtego. Mchanga unaotembea hukwama upande mmoja wa kidole, ufukwe ukanenepa, na mwenye hoteli akashukuru. Upande wa pili, jirani aliyekuwa akisubiri mchanga huohuo anakosa, ufukwe wake unakonda, naye analazimika kujenga kidole chake. Mchanga haujaongezeka hata chembe. Umebadilishiwa mwenyewe tu.

Ukitaka kusoma historia ya ufukwe bila chombo, tafuta mnazi. Mizizi ya mnazi ni mingi, myembamba kama kamba, na kawaida huwezi kuiona kwa sababu imefunikwa mchanga. Mnazi wa ufukwe unaoliwa husimama juu ya kikapu cha mizizi iliyo wazi, na umbali kutoka chini ya shina hadi mchanga wa leo ni kina cha mchanga ulioondoka. Kisha mti huinama kuelekea baharini, na bamvua moja humaliza. Wapo wanaopiga picha minazi iliyoinama kwa uzuri wake. Mara nyingi wanapiga picha ya kidonda.

Mchanga unaotengenezwa na samaki

Si mchanga wote unatoka mlimani. Chukua konzi la Kunduchi na konzi la Nungwi au Paje, Unguja, uyaweke pamoja kwenye karatasi. La kwanza ni la rangi ya hudhurungi, chembe zake zinang'aa kama glasi: kwatzi ya mito. La pili ni jeupe, laini, na ukiangalia kwa kioo cha kukuzia utaona vipande vya matumbawe, makombe na mwani wenye chokaa. Ukidondoshea siki, mchanga mweupe utatoa mapovu. Ule wa mtoni utanyamaza.

Sehemu ya mchanga huo mweupe imepita tumboni mwa samaki. Pono hukwaruza mwamba kwa meno yake yaliyoungana kama mdomo wa kasuku, akala mwani, na kutoa mwamba uliosagwa. Pono wa kawaida hutengeneza makumi ya kilo za mchanga kwa mwaka, na wale wakubwa kabisa mamia ya kilo. Anayewamaliza pono anafunga kiwanda cha ufukwe.

Matumbawe yenyewe ni ukuta. Utafiti wa mwaka 2014, uliojumlisha vipimo kutoka bahari mbalimbali, ulionyesha kwamba miamba ya matumbawe hupunguza nguvu ya mawimbi kwa wastani wa asilimia 97. Mbele ya Dar es Salaam vipo visiwa vya Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, vilivyotengwa kama hifadhi mwaka 1975. Kwa miaka mingi matumbawe ya pwani yetu yalivunjwa kwa baruti za wavuvi haramu, yakachimbwa kuchomewa chokaa, na mwaka 1998 joto la bahari likayapausha. Kila mwamba uliobomoka uliruhusu wimbi refu zaidi kufika ufukoni. Kwa hiyo Kunduchi ilipigwa mbele na nyuma: mtoni mlo ulikatwa, na baharini ngao ilitobolewa.

Kisiwa kilichopoteza miti

Atakaye kuona mwisho wa njia hii aende Pangani. Nje ya pwani hiyo kuna Maziwe. Zamani kilikuwa kisiwa cha mchanga chenye miti, ikiwemo mivinje, na kilijulikana kama mahali muhimu pa kasa kutagia mayai. Miti ikapungua, mchanga ukakosa kishikizo, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 kisiwa chenye kijani kilikuwa kimekwisha. Kilichobaki ni fungu la mchanga mweupe linalojitokeza maji yakipwa na kuzama yakijaa.

Kasa hawakupata habari. Kasa jike hurudi kutaga katika eneo alikoanguliwa, na waliendelea kupanda juu ya fungu lile usiku, kuchimba shimo na kufukia mayai zaidi ya mia, kisha maji ya kujaa yakayafunika. Yai la kasa linapumua. Likikaa chini ya maji, kilichomo hufa. Ndiyo sababu watu wa Ushongo, wakishirikiana na shirika la Sea Sense, wamekuwa wakiyahamisha mayai ya Maziwe na kuyafukia upya kwenye ufukwe wa bara, kwa kina kilekile, na kuyalinda kwa takriban miezi miwili mpaka vitoto vitoke. Kazi hiyo lazima ifanyike kwa uangalifu, kwa kuwa joto la mchanga ndilo linaloamua jinsia: mchanga wa baridi huleta madume zaidi, wa moto majike.

Maziwe inatufundisha kazi ya mimea. Kwenye fukwe zetu hutambaa mlakasa, wenye majani mazito yaliyogawanyika kama kwato na maua ya zambarau. Mashina yake hutoa mizizi kila kifundo, yakaushona mchanga kama uzi. Nyuma yake huja nyasi na vichaka, na upepo ukileta mchanga hunaswa humo na kujenga tuta. Tuta hilo ndilo akiba ya dharura. Bamvua yenye dhoruba ikija, bahari hulikopa na baadaye, maji yakitulia, hulirudisha. Wafagiaji wa hoteli wanaong'oa mlakasa ili ufukwe uonekane safi wanang'oa uzi wa kitambaa wanachokiuza.

Mita 60 za uvumilivu

Kuna mahali ambapo ukuta hauepukiki. Barabara ya Barack Obama, ile ya zamani ya Ocean Road, hupita karibu na hospitali ya saratani ambayo jengo lake la kwanza lilijengwa na Wajerumani mwaka 1897. Huwezi kuhamisha barabara, hospitali na nusu ya jiji. Mwishoni mwa miaka ya 2010, kwa fedha za mfuko wa kimataifa wa kuhimili mabadiliko ya tabianchi, ukuta mpya ulijengwa hapo na mwingine Kigamboni, kwenye Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere. Ilikuwa sahihi kujenga.

Lakini ukuta hulinda nchi iliyo nyuma yake. Ufukwe ulio mbele yake hauulindi. Wimbi linalokutana na mteremko wa mchanga huchoka likipanda. Linalokutana na ukuta hurudi na nguvu zake, likachimba mchanga wa miguuni. Na pale ukuta unapoishia, jirani huliwa haraka zaidi. Kila ukuta ni uamuzi wa kuchagua kimoja: barabara au ufukwe.

Ndugu zetu wa Unguja wana Mnazi Mmoja yao, nayo ina la kusema. Viwanja vile viko kwenye ukingo wa hori lililofukiwa mji ulipokuwa ukipanuka, na maji ya bamvua yamekuwa yakirudi pale kana kwamba yanadai kilicho chao. Bahari husahau polepole mno.

Pasipo na hospitali wala barabara kuu, dawa nafuu kuliko zote ni nafasi. Mwaka 2020 wanasayansi fulani walitabiri kwamba karibu nusu ya fukwe za mchanga duniani zingeweza kutoweka ifikapo 2100 kwa kupanda kwa bahari. Wenzao wakajibu kwa hoja nzito: ufukwe haufi kwa sababu bahari imepanda. Huhama. Hurudi nyuma pamoja na maji, ukabeba sura yake, iwapo nyuma yake kuna nafasi na mchanga. Hufa pale unapobanwa kati ya maji na zege.

Sheria yetu ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa, mto au bwawa. Wengi huiona kama sheria ya kuwanyima watu mandhari. Mimi naisoma kama nafasi ya ufukwe kuhamia, na kingo za mto kupumzikia. Mita 60 za Kunduchi na mita 60 za Msimbazi ni kamba moja; ukiikata juu, chini inalegea. Na yapo majengo, tukubali, ambayo yamesimama ndani ya mita hizo huku wanyonge wa bondeni wakibomolewa. Sheria inayomfuata mwenye kibanda na kumpita mwenye ghorofa haiwezi kuokoa ufukwe wowote.

Jiji linakula mchanga

Sasa turudi mjini. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira linakadiria kwamba dunia hutumia tani bilioni 50 za mchanga na kokoto kila mwaka, kiasi cha kujenga ukuta wa upana wa mita 27 na kimo cha mita 27 kuizunguka dunia kwenye ikweta. Baada ya maji, hakuna maliasili tunayoitumia kwa wingi kiasi hicho. Mchanga wa jangwani ungetosha, lakini chembe zake zimeviringwa na upepo mpaka zikawa laini, na zege hutaka chembe zenye kona.

Hata mchanga wa ufukweni wenyewe ni sumu kwa jengo. Chumvi yake hupenya mpaka kwenye nondo na kuliondoa tabaka jembamba linaloikinga na kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichotokana nacho, ikavimba, ikapasua zege kutoka ndani. Jengo la ghorofa kadhaa lilipoanguka Kariakoo, Novemba 16, 2024, na kuua watu wengi, nchi nzima ilijifunza kuuliza maswali juu ya kilicho ndani ya kuta. Swali la mchanga ulikotoka linastahili kukaa katika orodha hiyo, kwa ajili ya nyumba na kwa ajili ya pwani.

Hakuna anayeweza kuliambia jiji lisijenge. Vijana wanaochimba mitoni wanalisha familia, na ukiwafukuza mchana watarudi usiku. Lakini mbadala upo. Mawe magumu ya Lugoba, njia ya Chalinze, ambayo tayari yanaleta kokoto mjini, yakisagwa zaidi hutoa mchanga wenye kona nzuri kwa zege. Kifusi cha nyumba kuukuu zinazobomolewa Kariakoo kila mwezi, ambacho mara nyingi huishia kutupwa mabondeni, kinaweza kusagwa na kurudi kwenye misingi na matofali. Mashimo ya mchanga ya nchi kavu, mbali na mito, yanaweza kupewa leseni, kupimwa kina na kufukiwa. Sheria inauhesabu mchanga miongoni mwa madini ya ujenzi, na kuuchimba kunahitaji leseni. Vijana walewale wanaweza kuwa na leseni hizo, kwa vikundi, badala ya kuwindwa.

Na ufukwe upimwe. Tangu mwaka 1961 kuna njia rahisi isiyohitaji umeme: vijiti viwili vya mita moja na nusu vyenye alama za sentimita, vilivyofungwa kamba kati yao. Mtoto mmoja anashika kijiti cha nyuma, mwingine cha mbele, wa tatu anatazama upeo wa macho wa bahari juu ya kijiti cha mbele na kusoma alama. Hatua kwa hatua wanachora mteremko wote kutoka mnazini hadi majini. Klabu ya mazingira ya shule moja, ikipima mahali palepale kila bamvua kwa miaka mitano, itajua zaidi kuhusu ufukwe wake kuliko ofisi yoyote.

Lakini mimi ninarudi kwenye lundo la Mnazi Mmoja, kwa kuwa pale ndipo uamuzi unapofanyika. Fundi wetu anajua kuuliza kama mchanga ni safi, na neno lake lina nguvu: akikataa, lori linageuza. Mhandisi, mwenye jengo na mkaguzi wa halmashauri wana nguvu zaidi yake. Wakiongeza swali moja kwa dereva, mchanga umetoka wapi na leseni iko wapi, na wasipopata jibu wasipokee, biashara itajifunza kwa mwezi mmoja yale ambayo makatazo hayajafundisha kwa miaka.

Siku hiyo lori lililochota mtoni usiku litasimama kando ya Mtaa wa Lumumba likiwa limejaa, na halitapata wa kulishusha. Wiki ijayo halitakwenda mtoni. Na masika yakiingia, mto wa Mbezi utaukuta mchanga wake pale ulipouacha, uubebe, uufikishe Kunduchi.